Wati 2000 za Kwenye Kibandiko: Namna Volti na Ampea Zinavyotupa Ukinzani na Nguvu ya Umeme

Tangu Serikali ilipozindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia mwezi Mei 2024, wenye lengo la kuona asilimia 80 ya Watanzania wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034, mazungumzo ya wati na uniti yametoka kwenye karakana za mafundi na kuingia jikoni. Hapa Dodoma, kuanzia Nzuguni na Ihumwa hadi Nkuhungu na Msalato, swali linaloulizwa dukani na kwa majirani ni lile lile: jiko hili linakula umeme kiasi gani? Majibu yanayotolewa yanapishana sana. Mmoja atakwambia kwamba ukiona umeme ni mdogo ujue uniti zinaliwa mara mbili; mwingine atasema kifaa chenye ukinzani mkubwa ndicho kinachomaliza LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla; na wa tatu atashikilia kwamba wati zilizoandikwa kwenye kibandiko ndizo wati zinazotumika, saa zote na mahali popote. Hakuna hata moja kati ya madai hayo matatu lililo sawa kama linavyosemwa, na ili kuyapima tunahitaji namba mbili tu, volti na ampea, pamoja na hesabu ya kugawanya na kuzidisha ambayo mwanafunzi wa darasa la tano anaiweza.

Tuanze na maneno yenyewe. Volteji, inayopimwa kwa volti, ni msukumo unaoupeleka umeme kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Mkondo, unaopimwa kwa ampea, ni wingi wa umeme unaopita mahali fulani kwa kila sekunde. Ukinzani, unaopimwa kwa omu, ni kiasi ambacho waya au kifaa kinauzuia mkondo huo. Nguvu ya umeme, inayopimwa kwa wati, ni kasi ambayo kifaa kinaubadili umeme kuwa joto, mwanga au mwendo. Uniti ya LUKU ni kitu kingine tena, kwa kuwa yenyewe inahesabu nguvu pamoja na muda: uniti moja ni nguvu ya wati 1000 iliyotumika kwa saa moja nzima.

Nyumba nyingi za Dodoma zina simtanki juu ya mnara, na mpangilio huo unasaidia sana kuelewa. Kimo cha tangi ndicho volti, kiasi cha maji yanayotoka bombani kwa dakika ndicho ampea, na wembamba wa bomba ndio omu. Ukiliinua tangi, maji hutoka kwa kasi zaidi kwenye bomba lile lile. Ukiweka bomba jembamba zaidi, maji hupungua ingawa tangi halijashuka hata inchi moja. Nguvu ya maji hayo nayo inategemea mambo mawili kwa pamoja, yaani yanaanguka kutoka kimo gani na yanaanguka mengi kiasi gani, ndiyo maana wati hupatikana kwa kuzidisha na si kwa kuangalia volti peke yake.

Mfano huo una mpaka wake, na mpaka huo unafaa kutajwa mapema. Maji ya bombani hutumika yakaisha, lakini ampea haziliwi na kifaa. Mkondo unaoingia kwenye pasi kwa waya mmoja hutoka wote kwa waya wa pili, bila kupungua hata kidogo; kinachobaki kwenye pasi ni nishati, ambayo umeme huiacha unapolazimishwa kupita kwenye ukinzani. Fundi anaweza kukuthibitishia jambo hili kwa mita ya mkondo, ile yenye taya mbili zinazofunga kuuzunguka waya kwa nje bila kuukata. Taya zikizunguka waya mmoja tu wa pasi, mita inaonyesha ampea. Zikizunguka waya zote mbili kwa pamoja, inaonyesha sifuri, kwa sababu unaokwenda na unaorudi ni sawasawa na unapingana.

Kugawanya na kuzidisha

Kanuni ya kwanza inasema kwamba ukinzani ni volti ukigawanya kwa ampea. Aliyeuweka wazi uhusiano huo ni Georg Simon Ohm, mwalimu wa Ujerumani aliyechapisha kazi yake mwaka 1827, akapokelewa kwa ubaridi nchini kwake, kisha akatunukiwa Medali ya Copley na Royal Society ya London mwaka 1841. Kanuni ya pili inasema kwamba nguvu ni volti ukizidisha kwa ampea. Hizo ndizo kanuni zote tutakazozitumia hapa. Nyingine zinazoandikwa kwenye vitabu vya fizikia ni hizi hizi zilizopangwa upya.

Chukua birika la umeme la lita moja na nusu ambalo chini yake pana kibandiko kisemacho 230 V, 2000 W. Volti 230 ndicho kiwango cha umeme wa majumbani nchini Tanzania. Birika hilo likiwashwa kwa kiwango hicho kamili, mita ya mkondo itaonyesha takriban ampea 8.7. Gawanya 230 kwa 8.7 na utapata kama omu 26.4, ambao ndio ukinzani wa koili iliyofichwa chini ya birika. Zidisha 230 kwa 8.7 na utapata 2001, yaani zile wati 2000 za kibandiko, ile moja ya ziada ikiwa imetokana na kukata desimali.

Sasa hapa ndipo penye fundo la makala nzima. Kati ya namba hizo nne, ni ipi iliyo mali ya birika lenyewe? Watu wengi watajibu wati, kwa kuwa ndizo walizoziona dukani na ndizo zilizopandisha bei. Jibu sahihi ni omu. Koili ni waya wa madini mchanganyiko uliokatwa kwa urefu fulani na unene fulani kiwandani, na ukinzani wake hubaki karibu ule ule, iwe birika liko Area C karibu na transfoma au liko kwenye nyumba ya mwisho wa laini kule pembezoni mwa jiji. Ampea na wati ni matokeo, yanayotegemea volti zilizofika kwenye soketi wakati huo.

Tuseme jioni volti zimeshuka hadi 200. Omu zimebaki 26.4, kwa hiyo mkondo ni 200 gawanya kwa 26.4, sawa na ampea 7.6, na nguvu ni 200 mara 7.6, sawa na takriban wati 1500. Volti zimepungua kwa asilimia 13 tu, lakini nguvu imepungua kwa karibu robo nzima. Sababu ni kwamba upungufu wa volti unaingia mara mbili katika hesabu: msukumo wenyewe umepungua, na kwa kuwa msukumo umepungua, mkondo nao umepungua. Zikishuka hadi 180, birika linabaki na takriban wati 1230. Zikishuka hadi nusu, yaani 115, hutapata wati 1000 kama wengi wanavyodhani, bali 500, robo ya zile za kibandiko.

Je, umeme mdogo unakula uniti zaidi?

Kwa birika, jiko la koili na pasi, jibu ni hapana, au tuseme ni kidogo sana. Maji ya lita moja na nusu yanayoanza na joto la nyuzi 22 yanahitaji kiasi maalumu cha nishati ili yachemke, na kiasi hicho hakijali umeme ni mkubwa au mdogo. Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka hapa yakifika karibu nyuzi 96, na nishati inayohitajika ni kama uniti 0.13. Birika linalotoa wati 2000 litaimaliza kazi hiyo kwa karibu dakika 4. Likitoa wati 1500 litachukua zaidi kidogo ya dakika 5. Likitoa wati 1230 litachukua zaidi ya dakika 6. Uniti zinazolipiwa ni karibu zile zile, kwa kuwa nguvu imepungua huku muda ukiongezeka kwa kadiri hiyo hiyo. Ukweli kidogo uliomo katika dai la mtaani ni kwamba birika linalokawia hupoteza joto zaidi kupitia kuta na mvuke wake, na joto hilo nalo hulipiwa; lakini hilo halifikii kamwe hiyo mara mbili inayosemwa.

Hesabu hiyo hiyo inajibu swali la jiko la presha la umeme. Jiko lililoandikwa wati 1000 lingemaliza uniti moja kwa saa endapo lingekuwa linavuta umeme saa nzima bila kupumzika. Haliko hivyo. Presha ikishajaa, jiko hukata umeme lenyewe na kuurudisha kwa vipindi vifupi ili kufidia joto linalotoroka, na kwa kuwa chungu chake kimefungwa na kuzungushiwa kuta za kuhifadhi joto, vipindi hivyo ni vichache. Maharage yaliyokaa humo saa moja huwa yametumia chini ya uniti moja, tena kwa tofauti ya wazi. Anayezidisha wati za kibandiko kwa saa alizopika anapata kiwango cha juu kabisa kinachowezekana, na haifai kukitumia kiwango hicho kumtisha mtu anayetaka kuachana na mkaa.

Volti zenyewe hushuka jioni kwa sababu ileile ya Ohm. Waya za nguzoni kati ya transfoma na nyumba yako nazo zina ukinzani, mdogo lakini upo, na mkondo unapopita kwenye ukinzani wowote huacha sehemu ya volti njiani: zidisha ampea kwa omu nawe utajua zimeachwa ngapi. Tuchukue laini ambayo kutoka kwenye transfoma hadi nyumba ya mwisho, kwenda na kurudi, ina omu 0.4. Mchana nyumba zote za laini hiyo zikivuta jumla ya ampea 15 hadi mwisho wa laini, zinapotea volti 6 na hakuna anayetambua. Saa moja usiku, majiko, televisheni na pampu za maji zikiwashwa kwa pamoja hadi mkondo ukafika ampea 70, zinapotea volti 28, na nyumba ya mwisho inabaki na 202. Hakuna jirani aliyeiba umeme wa mwenzake. Dawa yake ni waya nene zaidi au transfoma iliyo karibu zaidi, na hiyo ni kazi ya shirika la umeme.

Stebilaiza ambayo wengi huinunua kama suluhisho haiongezi nguvu yoyote kutoka hewani. Inapandisha volti kwa kuvuta ampea zaidi kutoka kwenye laini: kifaa cha wati 500 kinachohitaji ampea 2.2 kwenye volti 230 kitalazimika kuvuta karibu 2.8 kupitia stebilaiza laini ikiwa na volti 180. Inalinda friji yako, na kwa hilo inafaa kununuliwa, lakini ampea hizo za ziada zinazishusha volti za laini nzima kidogo zaidi.

Ukinzani mdogo ndio unaovuta zaidi

Dai la pili, kwamba kifaa chenye ukinzani mkubwa ndicho kinachomaliza uniti, limegeuzwa juu chini. Kwenye volti zile zile, omu zikiwa nyingi ampea zinakuwa chache, na wati nazo zinakuwa chache. Balbu ya zamani ya wati 100 ina omu 529 ikiwa inawaka. Ya wati 60 ina karibu omu 880. Na birika letu la wati 2000 lina 26.4 tu. Kilele cha mfululizo huo ni shoti, yaani waya mbili zinapogusana na ukinzani ukabaki, tuseme, nusu omu: 230 gawanya kwa 0.5 ni ampea 460, na breka, ile swichi ya usalama inayokata umeme mkondo ukizidi, ikiwa timamu hukata papo hapo.

Aliye na multimita na balbu ya zamani atakutana na jambo litakalomshangaza. Akipima balbu ya wati 100 ikiwa imezimwa na imepoa, mita haitamwonyesha omu 529 bali kiasi cha 40. Akiitumia namba hiyo kwenye kanuni, atapata balbu yenye zaidi ya wati 1300, na ataona kwamba ama mita ni mbovu ama Ohm alikosea. Vyote viwili viko salama. Uzi wa ndani ya balbu ni wa madini ya tangsteni, na ukinzani wa madini hayo hupanda sana yanapopata joto. Kutoka baridi hadi joto la kutoa mwanga, nyuzi zaidi ya 2,000, unapanda zaidi ya mara kumi. Ndiyo maana balbu hizo hupenda kuungua sekunde ile ile zinapowashwa, wakati uzi bado ni wa baridi na mkondo unaingia kwa kishindo. Koili ya birika imetengenezwa kwa madini ambayo ukinzani wake haubadiliki sana, kwa hiyo yenyewe unaweza kuipima ikiwa imepoa, ikiwa imechomolewa kabisa kwenye umeme, na ukapata namba ya kuaminika. Fundi anayechunguza birika bovu huanza hapo hapo: akiona omu kama 26, koili ni nzima na tatizo liko kwenye swichi au waya, mita ikikataa kabisa kuonyesha namba, koili imekatika.

Plagi iliyopata weusi

Hili ndilo ningependa lisomwe kwa makini kuliko mengine yote, kwa kuwa linahusu moto ndani ya nyumba. Soketi za kwetu zenye matundu matatu ya bapa zimetengenezwa kwa ampea 13, na ukizidisha 13 kwa 230 unapata wati 2990. Hicho ndicho kikomo cha soketi moja, hata ukiipachika ekstensheni yenye matundu sita. Birika la wati 2000 na pasi ya wati 1200 vikiwashwa pamoja kwenye ekstensheni moja tayari vimefika 3200.

Hatari yenyewe haiko kwenye jumla hiyo peke yake. Tumeona kwamba volti zinazopotea kwenye waya ni ampea mara omu za waya. Nguvu inayogeuka joto ndani ya waya ni volti hizo zilizopotea mara ampea, yaani ampea mara ampea mara omu. Mkondo ukiongezeka mara tatu, joto linaongezeka mara tisa. Ekstensheni nyembamba ya mita tano yenye ukinzani wa omu 0.26, kwenda na kurudi, ikibeba ampea 4 inatoa joto la wati 4, ambalo hewa hulipoza bila shida. Ikibeba ampea 12 inatoa wati 37, na ikiwa imeviringishwa na kufichwa chini ya zulia, joto hilo halina pa kwenda.

Itazame sasa plagi yenyewe. Ichomoe, uiangalie ile miguu mitatu ya shaba. Mguu mmoja ukiwa na rangi ya kahawia au bluu iliyoungua, na plastiki inayouzunguka ikiwa imelainika au imekunjamana, maana yake ni kwamba soketi haiukamati mguu huo sawasawa. Mguso ule uliolegea una ukinzani wake. Ukiwa nusu omu tu na mkondo ukiwa ampea 12, hesabu inasema 12 mara 12 mara 0.5, sawa na wati 72 zinazozalishwa kwenye eneo dogo kuliko ukucha. Pasi ya kuchomelea ya fundi redio, inayoyeyusha risasi, mara nyingi ina wati 40 hadi 60. Breka haitakata, kwa sababu ampea 12 ni mkondo halali kabisa kwake; breka inahesabu ampea, haioni mahali joto linapokusanyika. Soketi ya namna hiyo hubadilishwa siku hiyo hiyo, pamoja na plagi, kwa kuwa plagi mpya kwenye soketi iliyolegea itaungua pia.

Miezi ya Juni na Julai, baridi ya Dodoma inapowafanya watu waweke hita za kuogea, hesabu hii inakuwa ya lazima. Hita ya wati 5000 inavuta karibu ampea 22. Haiwezi kutumia plagi ya kawaida hata kwa siku moja. Inahitaji waya wake mnene kutoka kwenye breka yake yenyewe.

Umbali unavyokula volti

Mkulima wa zabibu mwenye kisima mita 100 kutoka nyumbani anafahamu kwamba pampu iliyofanya kazi vizuri karibu na mita ya umeme inaweza kuchoka ikifika shambani. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 una takriban omu 12 kwa kila kilomita. Mita 100 kwenda na 100 kurudi zinafanya omu 2.4. Pampu ikivuta ampea 8, volti 19 zinabaki njiani na wati 154 zinaupasha joto udongo. Akitumia waya wa milimita za mraba 2.5, ukinzani unashuka hadi karibu omu 1.5, zinapotea volti 12 na wati 95. Tofauti ya bei ya waya hujilipa yenyewe kwa anayemwagilia kila siku.

Kwa sababu hiyo hiyo gridi ya Taifa husafirisha umeme kwa volti kubwa kupita kiasi. Nguvu ile ile ikisafirishwa kwa volti mara kumi zaidi, inahitaji sehemu moja ya kumi ya ampea, na joto linalopotea kwenye waya zile zile linashuka hadi sehemu moja ya mia. Njia kuu inayotoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga ilijengwa kwa kiwango cha volti 400,000 kwa hesabu hiyo. Treni ya SGR iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 nayo inachukua umeme wa volti 25,000 kutoka kwenye waya wa juu: tukichukulia treni inahitaji wati milioni 4, mkondo ni ampea 160 tu. Kwa volti 230 zingehitajika zaidi ya ampea 17,000, ambazo hakuna waya wa kuning'inia juu ya reli ungeweza kuzibeba.

Kanuni zinapohitaji nyongeza

Mota haitii kanuni hizi kwa urahisi wa birika. Pampu ikivuta ampea 6 kwenye volti 230, ukizidisha unapata 1380, lakini mita ya LUKU inaweza kuhesabu wati 1100 tu. Umeme wetu ni wa kupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, na ndani ya mota mkondo huchelewa nyuma ya volti, kwa hiyo sehemu ya mkondo huenda na kurudi bila kufanya kazi. Kwenye bati la mota huandikwa alama ya cos φ na namba kama 0.8, zidisha 1380 kwa 0.8 nawe utapata wati halisi. Vilevile, umeme ukiwa mdogo, mota yenye mzigo hujaribu kumaliza kazi ile ile kwa kuvuta ampea zaidi, na joto ndani yake hupanda kwa mraba wa ampea hizo. Kwa friji na pampu, basi, hofu ya umeme mdogo ina msingi, ingawa sababu yake ni kuungua kwa mota zaidi kuliko uniti. Balbu za LED na chaja za simu nazo hazina omu moja ya kudumu, kwa kuwa ndani yake kuna vifaa vinavyojirekebisha. Kwao wati za kibandiko ni mwongozo bora kuliko kipimo cha ukinzani.

Mwili wa binadamu pia ni ukinzani. Ngozi kavu inaweza kuwa na makumi ya maelfu ya omu, lakini ikiloa hushuka hadi karibu 1000, na 230 gawanya kwa 1000 ni ampea 0.23. Vifaa vya kulinda watu dhidi ya kupigwa na umeme hukata mkondo ukivuja ampea 0.03 tu. Ubishi wa kama volti ndizo zinazoua au ampea hauna mshindi: ampea ndizo zinazosimamisha moyo, na volti ndizo zinazozisukuma ampea hizo zipite mwilini.

Kwa sababu hiyo, asiye fundi asishike waya ulio hai ili apate ampea zake. Kuna njia salama zaidi. Mita nyingi za LUKU zina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na kando yake imeandikwa taa hiyo inapepesa mara ngapi kwa uniti moja, kwa mfano 1000 imp/kWh. Zima vyote, washa kifaa kimoja, hesabu mipepeso ya dakika moja. Ukipata 20, hiyo ni 1200 kwa saa, yaani uniti 1.2 kwa saa, sawa na wati 1200. Gawanya kwa 230 na una ampea 5.2; gawanya 230 kwa 5.2 na una omu 44. Kama mita yako ina namba nyingine, gawanya kwa hiyo badala ya 1000. Taa ikiendelea kupepesa baada ya kuzima kila kitu ndani ya nyumba, umeme unavuja mahali au kuna waya usioujua unaochukua umeme baada ya mita yako, na hapo aitwe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, aje na vipimo vyake.